Vipuri Vinavyoingia na Vipuri Vinavyooana: Jiometri ya Usukani wa Mustang ya 1965

Miongoni mwa magari ya Marekani yaliyotengenezwa katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, yako yale ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Sifa yao kubwa ilikuwa injini yenye nguvu, aghalabu ya silinda 8, iliyowekwa katika bodi ambayo si kubwa sana. Mustang ya kampuni ya Ford, iliyoonyeshwa kwa umma mjini New York tarehe 17 Aprili 1964, mara nyingi huhesabiwa pamoja nayo, hasa ile ya silinda 8. Magari hayo sasa yamepita umri wa nusu karne, na wako watu wengi wanaoyafufua.

Fundi anayefufua gari la namna hiyo hukutana na swali ambalo kwa juu juu laonekana dogo: je, mkono wa usukani uliotolewa katika gari la 1968 waweza kufungwa katika gari la 1965? Kwa kuwa vipuri vya zamani hupatikana hapa kimoja na pale kimoja, swali hilo hurudi kila siku. Jibu lake halimo katika spana. Limo katika jiometri na fizikia ambazo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kufundishwa.

Yafaa jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Kipuri kisichoingia mahali pake si cha hatari, kwani hujikataa chenyewe. Kipuri cha hatari ni kile kinachoingia vizuri lakini hakioani na wenzake.

Sehemu za mfumo

Dereva anapozungusha usukani, mwendo hupita katika shafti hadi kwenye sanduku la gia za usukani. Humo mwendo hupunguzwa kasi na kuongezwa nguvu. Katika Mustang za miaka ya mwanzo kulikuwa na masanduku ya namna mbili: la kawaida, lenye uwiano wa yapata 19 kwa 1, na la mwendo wa haraka, lenye uwiano wa 16 kwa 1. Maana yake ni kwamba katika sanduku la kwanza usukani huzunguka nyuzi 19 ili shafti inayotoka chini izunguke uzi 1 tu.

Kwenye ncha ya shafti hiyo hufungwa mkono mfupi wa chuma uitwao pitimani. Upande wa pili wa gari, kwenye fremu, hufungwa mkono mwingine unaofanana nao, uitwao aidla. Aidla haisukumwi na gia yoyote. Kazi yake ni kufuata tu. Mikono hii miwili huunganishwa na fimbo ya kati inayolala kukingama chini ya injini. Kutoka katika fimbo ya kati hutoka tairodi mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto, na kila moja husukuma au kuvuta mkono uliofungwa kwenye gurudumu lake. Viungo vyote hivyo hukutana kwa tufe dogo linalozunguka ndani ya kikombe chenye grisi, ili fimbo ziweze kugeuka pande zote bila kuachana.

Kwa nini magurudumu hayageuki sawa

Gari linapokata kona, kila gurudumu hutembea katika duara lake. Gurudumu la ndani hufuata duara dogo, na la nje hufuata duara kubwa. Ili pasiwe na gurudumu linaloburutwa, maduara yote hayana budi kuwa na kitovu kimoja, nacho kiwe kwenye mstari wa ekseli ya nyuma. Basi gurudumu la ndani hupaswa kugeuka zaidi kuliko la nje.

Kanuni hii ni kongwe kuliko gari lenyewe. Ilibuniwa kwa ajili ya magari ya farasi na Georg Lankensperger, fundi wa Munich, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann aliipatia hataza mjini London kwa niaba yake. Hata hivyo ni jina la Ackermann lililobaki katika vitabu. Kanuni yaweza kuandikwa hivi:

kotanjenti ya pembe ya nje − kotanjenti ya pembe ya ndani = upana ÷ urefu

Urefu ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Upana ni umbali kati ya egemeo la gurudumu la kulia na la kushoto. Kwa hesabu ya darasani umbali kati ya magurudumu yenyewe hutosha. Mustang ya 1965 yenye silinda 8 ilikuwa na urefu wa inchi 108, yaani sentimita 274, na upana wa mbele wa inchi 56, yaani sentimita 142. Upana ukigawanywa kwa urefu, jibu ni 0.518. Gurudumu la ndani likigeuka nyuzi 30, kotanjenti yake ni 1.732. Jumla ni 2.250, nayo ni kotanjenti ya nyuzi 24. Hivyo, wakati gurudumu la ndani limegeuka nyuzi 30, la nje linapaswa kuwa limegeuka nyuzi 24 tu.

Tofauti hiyo ya nyuzi 6 haipatikani kwa bahati. Huletwa na urefu wa mikono ya magurudumu, pembe iliyotengwa kwa mikono hiyo, na urefu wa tairodi. Atakayebadili kimoja bila kukiangalia kingine ameibadili hesabu yote.

Msambamba wa chuma

Pitimani, aidla, fimbo ya kati na fremu ya gari hufanya umbo la pande nne. Pitimani na aidla zikiwa na urefu sawa, na fimbo ya kati ikiwa sawa na umbali kati ya maegemeo yao, umbo hilo ni msambamba. Sifa ya msambamba ni kwamba pande zinazotazamana hubaki sambamba hata umbo likisukumwa kando. Basi fimbo ya kati husogea kulia na kushoto bila kupinda, na kila nukta yake husafiri umbali ule ule. Ndiyo sababu tairodi mbili hupata mwendo sawa.

Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba pitimani na aidla zina urefu wa sentimita 12 kila moja. Pitimani ikizunguka nyuzi 30, ncha yake huenda kando sentimita 6 na kurudi nyuma sentimita 1.6. Ncha ya aidla hufanya vivyo hivyo, na fimbo ya kati hubaki sambamba na pale ilipoanzia.

Sasa fundi aondoe pitimani hiyo na kuweka nyingine ya sentimita 14, lakini aiache aidla ya sentimita 12. Bolti zote zitafunga. Hata hivyo fimbo ya kati itakuwa imepinda kwa sentimita 2 hata kabla usukani haujaguswa. Pitimani ikizunguka nyuzi 30, ncha yake itakwenda kando sentimita 7. Fimbo ya kati haivutiki kama mpira, kwa hiyo aidla italazimika kuzunguka karibu nyuzi 36 ili iifuate. Ncha ya pitimani itakuwa imerudi nyuma sentimita 1.9 na ncha ya aidla sentimita 2.3. Fimbo haisafiri tena sambamba; inazunguka kidogo pia. Tairodi ya kulia na ya kushoto zinavutwa kutoka mahali pasipolingana, na hesabu ya Ackermann imeharibika. Fundi ataona matairi yakilika upande mmoja, naye aweza kulaumu matairi.

Historia ya Mustang yenyewe ina mfano mzuri wa jambo hili. Mwaka 1965 Carroll Shelby alitoa gari la mashindano na barabara lililotokana na Mustang, lililoitwa GT350. Ili usukani wake uitikie haraka, pitimani ndefu zaidi ilitumiwa. Lakini haikuwekwa peke yake: aidla nayo ilirefushwa pamoja nayo. Wahandisi walitaka mwendo zaidi, lakini walikataa kuupoteza msambamba.

Faida hiyo nayo ina bei. Pitimani ni wenzo. Ikirefushwa kutoka sentimita 12 hadi 14, mwendo huongezeka kwa sehemu moja ya sita, na kani inayohitajika mikononi mwa dereva huongezeka kwa kadiri ile ile. Aliyekuwa akitumia kani ya nyutoni 30 sasa atahitaji 35. Hakuna wenzo unaotoa vyote viwili bure.

Urefu wa kwenda juu

Mikono miwili yaweza kuwa na urefu sawa na bado isioane. Pitimani na aidla nyingi zimepindwa kuelekea chini, na kiasi cha kupindwa hutofautiana. Ncha moja ikiwa chini kuliko nyingine, kosa halionekani gari likiwa limesimama. Huonekana pale gurudumu linapopita juu ya tuta au shimo.

Gurudumu linapopanda na kushuka, tairodi nayo hupanda na kushuka, na ncha yake ya nje huchora tao. Ichukuliwe tairodi ya sentimita 40 iliyolala sawasawa na ardhi. Gurudumu likipanda sentimita 5, ncha ya nje huvutwa ndani kwa:

40 − √(40² − 5²) = sentimita 0.31

Waundaji wa gari hupanga mikono ya springi ili gurudumu lote livutwe ndani kwa kiasi hicho hicho, na hivyo lisigeuke. Lakini fundi akiweka mkono unaoishusha ncha ya ndani kwa sentimita 2, tairodi huanza ikiwa imeinama. Gurudumu likipanda tena sentimita 5, ncha ya nje itavutwa:

√(40² − 2²) − √(40² − 7²) = sentimita 0.57

Tofauti ni sentimita 0.25 hivi. Ikiwa mkono wa gurudumu una urefu wa sentimita 13, tofauti hiyo hugeuza gurudumu kwa uzi 1.1 bila dereva kugusa usukani. Pembe hiyo ni ndogo kwa macho. Lakini gurudumu lililogeuka uzi 1.1 huelekea kando karibu sentimita 2 kwa kila mita moja ya safari. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hupita mita 22 kwa sekunde. Dereva huhisi usukani ukimvuta kwa ghafula, upande mmoja tu, katika kila tuta. Hapo ndipo hesabu ya karatasini inapokuwa jambo la uhai.

Pia ndani ya pia

Msumari wa kila kiungo cha tufe haukuchongwa kama mche wa duara, bali kama pia iliyokatwa ncha. Huingia katika tundu lenye umbo lile lile, na nati huuvuta mpaka ubanwe. Kinachoushikilia ni msuguano wa uso wote wa pia. Nati hulinda tu mbano huo usilegee. Nati yenyewe ina mapengo, na pini laini hupitishwa katika mapengo hayo na katika tundu la msumari, kisha ncha zake hupindwa ili nati isifunguke.

Ikiwa pia imechongwa kwa uwiano wa 1 kwa 8, kipenyo chake hupungua milimita 1 katika kila milimita 8 za urefu. Tundu likiwa pana kuliko linavyopaswa kwa nusu milimita tu, msumari utazama milimita 4 zaidi. Nati yaweza kufika mwisho wa hesi kabla pia haijabana. Mkononi yaonekana imekaza, lakini msumari unacheza ndani ya tundu. Kila mchezo mdogo huukunja msumari huku na huku, na chuma kinachokunjwa mara nyingi huchoka na kukatika hata kama kani ni ndogo kuliko ile ambayo kingeistahimili mara moja. Kinyume chake, tundu likiwa jembamba, msumari hubaki juu, na nati hushika hesi chache tu.

Kipimo chake ni rahisi. Msumari husafishwa, hupakwa rangi nyembamba, hata masizi yaliyochanganywa na tone la mafuta, kisha husukumwa ndani ya tundu na kuzungushwa kidogo. Ukitolewa, alama hueleza yote. Rangi ikiwa imefutika karibu uso mzima, pia mbili zinaoana. Ikiwa imefutika katika pete moja tu, juu au chini, haziooani, na kipuri hicho hakifai.

Mustang moja, vipuri vingi

Jina moja la gari halina maana ya kipuri kimoja. Mustang za 1964 hadi 1966 zenye silinda 6 zilikuwa na magurudumu ya bolti 4, na zenye silinda 8 zilikuwa na bolti 5. Tofauti haikuishia kwenye bolti: ekseli fupi za mbele na viungo vya tairodi navyo vilitofautiana. Anayeweka injini ya silinda 8 katika gari la silinda 6, akaacha usukani wa zamani, amepachika nguvu mpya juu ya mifupa isiyokadiriwa kuibeba.

Shafti ya sanduku la usukani ilikuwa na kipenyo cha inchi 1 katika magari ya 1965 na 1966. Katika mwaka wa modeli wa 1967 ilibadilishwa ikawa inchi 1 na moja ya nane. Tofauti ni milimita 3.2. Hivyo pitimani ya 1968 haishiki shafti ya 1965, na hilo ndilo jibu la swali la mwanzo. Hiki ni kipuri kinachojikataa chenyewe. Lakini mwaka huo huo wa 1967 upana wa mbele uliongezwa ukafika inchi 58 hivi, na mabadiliko ya upana huenda pamoja na mabadiliko ya fimbo zilizo kati ya magurudumu. Fimbo haijikatai kwa urahisi kama shafti.

Magari yaliyosaidiwa na haidroli yalikuwa na utaratibu mwingine. Valvu ya kuongoza mafuta ilikaa mwishoni mwa fimbo ya kati, pale inapokutana na pitimani, na silinda ya kusukuma ilishikiliwa na fremu. Kwa hiyo fimbo ya kati ya gari la haidroli si ile ya gari lisilo na haidroli, wala pitimani zao hazibadilishani ovyo.

Namba za vipuri husaidia. Katika namba za Ford za wakati huo, herufi ya kwanza ilionyesha mwongo: C kwa miaka ya 1960 na D kwa miaka ya 1970. Tarakimu iliyofuata ilikuwa mwaka, na herufi ya tatu aina ya gari, ambapo Z ilikuwa ya Mustang. Basi namba inayoanza na C5Z yaeleza kipuri kilichobuniwa kwa Mustang ya 1965. Yafaa kukumbuka kwamba hiyo ni tarehe ya ubunifu. Kipuri chenyewe chaweza kuwa kilitengenezwa baadaye. Namba huanzisha uchunguzi, nacho kipimo ndicho kinachoumaliza.

Jambo moja halina mjadala. Kipuri cha usukani kisichooana hakipashwi moto, hakipindwi, wala hakichomelewi ili kioane. Chuma chake kilifuliwa na kutiwa ugumu kiwandani, na moto wa karakana huuondoa ugumu huo bila kuacha alama ya kutosha kumwonya dereva.

Jaribio la darasani

Si lazima kuwa na Mustang ili kuyaona haya. Ubao laini, pini na vipande vya kadibodi vyatosha. Vipande viwili vya sentimita 12 hupigiliwa pini sentimita 40 mbali, na ncha zake huunganishwa kwa kipande cha sentimita 40. Wanafunzi huchora mstari kando ya kipande hicho kabla na baada ya kuzungusha mkono mmoja nyuzi 30; mistari miwili itakuwa sambamba. Kisha mkono mmoja hubadilishwa kwa kipande cha sentimita 14, na jaribio hurudiwa. Mistari itaonekana ikikaribiana upande mmoja.

Darasa lililo karibu na karakana laweza kwenda mbali zaidi. Malori mengi bado yana pitimani, na Toyota Corolla za miaka ya 1970 zilitumia pitimani, aidla na tairodi kwa utaratibu ule ule ulioelezwa hapa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Gari linalonyooka barabarani nalo liliundwa, na anayelitengeneza upya anawajibika kwa hesabu ya walioliunda.

Maswali

1. Gurudumu la ndani la Mustang iliyotajwa likigeuka nyuzi 20, la nje lapaswa kugeuka nyuzi ngapi?

2. Bomba la kurekebisha tairodi lina hesi za kulia upande mmoja na hesi za kushoto upande wa pili, hesi 18 kwa kila inchi. Bomba likizungushwa mara moja, urefu wa tairodi hubadilika kwa milimita ngapi? Kwa nini hesi zote zisiwe za kulia?

3. Pia ina uwiano wa 1 kwa 8, na tundu limepanuka kwa milimita 0.3. Msumari utazama kiasi gani zaidi?

4. Kwa nini aidla, ambayo haisukumwi na gia yoyote, ilirefushwa katika GT350 ya 1965?

Majibu ya hesabu: (1) nyuzi 17, (2) milimita 2.8; (3) milimita 2.4.